Tone la Rangi ya Kucha

11 Januari

Baba Mdogo,

Shikamoo yako hii hapa, na ya Mama Mdogo mpelekee jikoni. Mwambie mto alionishonea naukalia kazini kila siku na mgongo umeacha kunisumbua. Huku wote wazima. Mume wangu, dereva wangu, amerudi salama na lori lake, ila goti linamuuma na analitangaza nyumba nzima. Binti yetu wa chuo hupiga simu akiwa na jambo la kuomba tu, kwa hiyo hupiga mara nyingi.

Dukani bado nakata lenzi na kukaza skrubu za miwani. Mwezi uliopita kile kichemshio tunacholainishia fremu kilizima ghafla. Fundi aliahidi kuja Jumatatu, na kila Jumatatu ilipita na ahadi yake. Wiki ya tatu nikachoka, nikachomoa plagi, nikakifungua mwenyewe. Waya mmoja tu ulikuwa umekatika. Ile harufu ya vumbi lililoungua ilinirudisha moja kwa moja kwenye karakana yako, kwenye kigoda changu kando ya benchi. Nilisimama pale na bisibisi mkononi, na mteja akaniita mara mbili ndipo nikamsikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa video. Kuna mwalimu mmoja mtandaoni ambaye uso haonyeshi, ni mikono tu juu ya meza, na sauti. Mimi namwita Mwalimu wa Mikono. Nimeagiza pakiti yake ya wanaoanza: kibao cha saketi, vitaa viwili vya kuwaka kwa zamu, transista mbili, rezista nne, kapasita mbili. Vyote vinaenea kiganjani. Nikanunua na chuma cha kulehemu.

Sasa nikuambie ukweli. Hiyo pakiti imekaa mezani siku tisa. Chuma nakiwasha, kinapata moto, mkono unagoma, nakizima. Nina miaka arobaini na mitatu, nakaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele bila kutetemeka, lakini nikishika hicho chuma naikumbuka redio ya mkunga. Tangu nilipoiunguza, miaka thelathini na mmoja sasa, sijagusa risasi ya kulehemu.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Chuma kinashikwaje? Na ile redio ya mkunga, bado unayo? Nataka kuifungua nione nilikosea wapi, na nikiweza niitengeneze. Nadhani mkono utatulia nikishajua.

Ni mimi,
Betri wako


2 Februari

Betri,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili. Hilo jina nilikupa kwa sababu ulikuwa unanifuata kutwa nzima bila kuisha nguvu, na nilidhani umelisahau. Mama Mdogo alizipokea salamu jikoni kama ulivyoagiza, akasoma barua yako amesimama, na chungu kikaungua. Hatukumlaumu mtu. Paa letu linavuja palepale, ndoo tunaisogeza inchi mbili kila msimu wa mvua. Mpe pole dereva, umwambie goti ni bawaba tu, halisaidiwi na kelele.

Chuma kishike kama kalamu, usikishike kama kisu. Pasha kiungo kwanza, mguu wa kifaa na kibao kwa pamoja. Hesabu moja, mbili, ndipo uguse risasi kwenye kiungo chenyewe, usiigusishe chuma. Ikijikunja kitonge, imekataa. Ikilala na kung'aa, imekubali. Na usipulize! Wewe ulikuwa unapuliza kila kitu, hata maji ya kunywa.

Kama unataka kufuata desturi ya karakana yetu, unaikumbuka. Kiungo ulicholehemu mwenyewe, ukakikagua mwenyewe, ukaridhika nacho, kitie tone la rangi ya kucha. Langu ni jekundu, kutoka chupa ya Mama Mdogo. Tone likishakauka, mkono mwingine haugusi hapo. Hata kazi ikirudi baada ya miaka kumi, naifungua nikajua yangu ni ipi na ya mtu mwingine ni ipi.

Huyo mwalimu asiye na uso mimi simwelewi. Mtu akificha uso ana lake jambo.

Usijali mwandiko, kalamu hii ni mbaya.

Baba yako Mdogo


24 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo, na kama Mama Mdogo anasoma amesimama tena, aondoe chungu kwanza.

Vinawaka! Viungo vitatu vya kwanza vilikuwa vitonge, vya aibu kabisa. Cha nne nikasema moja, mbili, nikagusa, na risasi ikalala yenyewe kama maji yanayojua pa kwenda. Nilipiga kelele. Dereva wangu akaja mbio akidhani nimeungua. Akavitazama vitaa akauliza, "Vinafanya nini?"

"Kimoja kinawaka, kingine kinazima."

"Halafu?"

"Halafu vinabadilishana."

Akavuta kiti, akakaa, na chai yake ikapolea mkononi. Kesho yake kabla ya kazi nilimkuta tena amekaa palepale. Nimemkatalia kukipeleka hicho kibao kwenye lori.

Nina tone langu sasa. Binti yetu aliacha chupa ya zambarau, na viungo vyote vilivyolala nimevitia. Vile vitonge vitatu nilivifumua nikavirudia. Nina furaha, Baba Mdogo, furaha ya kitoto kabisa, na sioni haya kuiandika.

Lakini mimi nakula kwa macho ya watu, usinifanye mjinga. Kalamu mbaya haifanyi herufi ziwe kubwa hivyo. Mistari yako inapanda kama inaenda kumtembelea mtu ghorofani. Miwani uliyonayo ni ya lini?

Na swali langu la pili hukulijibu.

Betri


17 Machi

Betri,

Marahaba. Hatujambo. Ndoo imesogezwa inchi mbili nyingine. Nimefurahi mno kwa vitaa, mno, nimeisoma ile sehemu mara tatu, na nimemsimulia muuza magazeti ambaye hakuniuliza.

Wa kushukuriwa kwa ile "moja, mbili" ni mimi au ni yule Mwalimu wa Mikono? Maana huyo wako ana watazamaji maelfu, mimi nina Mama Mdogo na ndoo. Mwulize kama anajua kuitambua transista iliyokufa kwa kidole. Mimi naijua kwa kidole.

Macho yangu hayana neno. Miwani ninayo, na mkono wake uliokatika niliulehemu mwenyewe ukawa imara kuliko wa dukani kwenu.

Ile redio iachie mbali. Nadhani ilitupwa wakati tulipohama. Endelea na vitu vipya, vya zamani havina faida.

Baba yako Mdogo

Mwanangu, ni mimi Mama yako Mdogo, naongeza hapa chini. Bahasha zote naandika mimi kwa sababu mistari imemshinda. Redio haikutupwa. Iko juu ya kabati, ndani ya shuka langu, na hataki niifute hata vumbi. Sijui kwa nini. Muulize wewe.


6 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo nampa shikamoo yake kubwa na asante kubwa zaidi. Dereva yuko safarini, nyumba imetulia, hata goti nimelikumbuka.

Nilipanda darasa. Niliagiza pakiti ya redio, ndogo ya kukaa kwenye kisanduku cha sabuni. Nililehemu siku nne, kidogo kidogo nikitoka kazini. Jumapili asubuhi nikaunganisha umeme. Kimya kidogo, kisha pah! Kitu kikapasuka, moshi mweupe, na harufu ile. Nikajikuta nimerudi nyuma hadi ukutani, nimejishika mikono kama mtoto.

Nilikaa chini muda mrefu. Kisha nikafungua video tena, na Mwalimu wa Mikono akasema kwa upole wake kwamba kosa hilo hutufika sote. Kapasita ile ya mkebe, inayohifadhi umeme, ina mstari ubavuni, upande wa hasi. Ukiigeuza, ikipata umeme inavimba na kupasuka. Moshi mweupe, na harufu ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Mimi niliigeuza. Nilikuwa na haraka.

Sasa nakuandikia ninavyokumbuka siku ile, na uniambie kama nimekosea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulinipa kibao nikisafishe kwa mswaki mkavu. Ukakiweka ndani. Nikakaza skrubu nne za nyuma. Mkunga akafika, ukaniambia, "Haya Betri, chomeka." Nikachomeka. Pah. Ukasema mbele yake kwamba huyu mtoto alisafisha kwa mswaki wenye maji. Mkunga akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma iliniuma kuliko kofi. Jioni marehemu baba akanikataza karakana, nami sikubisha, kwa sababu nilikuamini.

Lakini maji hayatoi harufu hiyo, Baba Mdogo. Nimeisikia Jumapili na ni ileile.

Huenda nakumbuka vibaya, miaka ni mingi. Ndiyo maana nataka kuiona kwa macho yangu. Nitumie redio.

Betri


31 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Zimepita siku hamsini na tano na huwa huchelewi kunijibu hivi. Nilimpigia Mama Mdogo akasema unakula, unatembea, unakaa ukitazama kabati. Simu hukuitaka, lakini hiyo si habari, wewe na simu hamjawahi kupatana.

Redio yangu ya kisanduku cha sabuni inaimba sasa. Nilibadilisha kapasita, nikatazama mstari mara tatu, nikatia tone. Wenzangu dukani wanaifungulia wakati wa chakula.

Sina haja ya kugombana na wewe. Ulinifundisha kila kitu nilichokipenda utotoni. Nataka kujua tu kama ulikuwa mkono wangu. Nimeuogopa miaka thelathini na mmoja.

Betri


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Mama Mdogo hasemi nami sana wiki hizi, lakini ananipa chakula.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maelezo mengi, ya pili ilikuwa na uongo kidogo, ya tatu niliilowesha. Basi hii iwe fupi. Kifurushi ulichopokea ndiyo redio ya mkunga. Haijafunguliwa tangu siku ile. Skrubu nne za nyuma ni zilezile ulizozikaza wewe. Nimeipandisha na kuishusha kwenye kabati hilo nikihama nyumba mbili, na bisibisi sikuigusisha.

Ifungue wewe. Ukishaona, ukitaka kuacha kuniandikia sitakulaumu.

Baba yako Mdogo


2 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Leo nimeianza nayo kwa makusudi, kwa sababu barua niliyoandika wiki iliyopita haikuwa nayo, nikaichana.

Niliifungua Jumamosi saa nne asubuhi mezani kwangu, mlango wazi, dereva wangu amekaa pembeni. Skrubu zilikuwa zimekaza vizuri. Nilizikaza vizuri, Baba Mdogo, mtoto wa miaka kumi na miwili. Ndani kulikuwa na vumbi la moshi, fyuzi imekatika, daiodi mbili zimekufa, na kapasita kubwa imepasuka juu. Mstari wake wa hasi umetazama upande wa chanya. Na kwenye miguu yake yote miwili, tone jekundu. Zima, halina ufa. Hakuna mkono mwingine uliogusa hapo.

Nilikasirika siku tatu. Niliosha vyombo kwa hasira, nikakata lenzi ya mteja vibaya nikairudia. Nilikuwa nawaza yote ambayo ningetengeneza kati ya miaka kumi na miwili na arobaini na mitatu. Nililia kidogo pia, na sikufichi.

Siku ya nne, dukani, akaja mwanamume wa miaka arobaini hivi. Nikampa kadi ya kusoma, akaisogeza mbali, mbali, mpaka mkono ukanyooka wote. Nikamwambia anahitaji miwani ya karibu. Akasema hapana, ni taa zenu hafifu. Alikuwa na hofu, yeye ni fundi saa. Ndipo nikakumbuka. Mwisho wa mwezi uleule wa redio ulikuja nyumbani umevaa miwani kwa mara ya kwanza. Mimi nilicheka, baba akanikemea. Ulikuwa na miaka arobaini, Baba Mdogo. Mstari ule hukuuona.

Hukuuona, na fundi asiyeona angekimbiwa na mtaa mzima. Naelewa. Kuelewa hakujafuta kila kitu, lakini usiku nalala.

Kuna jambo moja linanisumbua kwa namna nzuri. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kuifungua na kulikwangua lile tone. Wembe na dakika mbili. Hukulikwangua.

Nimeitengeneza. Kapasita mpya, mstari umekaa unapotakiwa, daiodi, fyuzi, na waya mmoja uliokuwa umeoza. Inaimba kwa sauti nene kuliko kisanduku changu cha sabuni. Mabaki ya tone lako pale kwenye kibao nimeyaacha, na langu la zambarau nimeliweka kando yake. Naituma kwako irudi kwa mwenyewe. Kwenye kitambaa mna miwani mitatu. Ile itakayokusomea barua hii bila kunyoosha mkono ni yako, mingine irudishe. Kisha nenda kwa daktari wa macho, na Mama Mdogo akusindikize usije ukapotelea kwa muuza magazeti.

Nataka kitu kimoja tu. Kiandike. Sentensi moja, kwa mkono wako.

Betri


24 Julai

Betri,

Marahaba, mwanangu.

Redio ya mkunga niliiunguza mimi, na nikamsingizia mtoto.

Nimeiandika kwa ile miwani ya pili. Unaona herufi zilivyopungua? Mama Mdogo ameitazama bahasha akasema hii niandike mwenyewe, yeye amestaafu. Kwa daktari tumekwenda, kaniandikia matone ya kutia machoni na ananitaka tena baada ya miezi mitatu. Jikoni nimerudishiwa maongezi.

Nisamehe. Nilijua saa ileile, kabla moshi haujaisha. Nilikuona ulivyoutazama mkono wako, na nikaacha uutazame. Nilidhani wiki ijayo nitamwambia baba yako. Kisha wiki zikawa nyingi. Ile redio sikuweza kuifungua kwa sababu ningelikuta tone, na sikuweza kulikwangua kwa sababu ndilo lililokuwa shahidi wako pekee.

Niliifungua juzi. Nimekagua kazi yako kiungo kwa kiungo kwa miwani yako. Vyote vimelala. Sikuona cha kurekebisha, na nilikitafuta, wivu wangu unaujua.

Jana nilivaa shati la kutokea nikaipeleka kwa mkunga. Sasa ni bibi wa miaka themanini na ushee, anatembea akishika ukuta, lakini kichwa chake kiko timamu. Nilimwomba achomeke mwenyewe. Ikaimba. Nikamwambia aliyeitengeneza ni yule mtoto niliyesema aliiharibu, na kwamba hakuiharibu, niliiharibu mimi, nikasema mtoto kwa kuogopa kumkosa yeye na wateja wenzake. Nilisimama nikingoja kutukanwa.

Aliingia chumbani taratibu, nikasikia kabati linafunguliwa. Akatoka na ile redio niliyompa siku ile badala ya yake, ameikumbatia. "Hii inakoroma tangu mwaka juzi," akasema. "Wewe sikuachii tena. Mpelekee yule mtoto."

Imo humu ndani ya kifurushi, pamoja na chupa nyekundu. Sijaifungua.

Baba yako Mdogo